Miguu Isiyojua Baridi

Mgeni alifika saa ambayo hakuna anayengoja mgeni, jua limekwisha kuegemea upande wa pili wa mlima na Kaanaeli amekwisha kushika mti wake wa kuzibia bwawa la ndiva. Alikuwa mwanamke kijana, kanga ameitupa begani kama watu wa tambarare, vumbi jekundu limempanda hadi magotini, na mgongoni amebeba mfuko wa gunia uliofungwa kwa kamba ya mkonge. Alisimama nje ya ua wa masale akapiga hodi, akangoja, akapiga tena.

"Hodi wenyewe. Hapa ndipo kwa Mwalimu Kaanaeli?"

Eliwaza, mkewe Kaanaeli, alikuwa kizingitini akichambua maharage ya makande. Aliacha, akamtazama mumewe, kisha akamtazama mgeni.

"Kaanaeli yupo," akasema. "Kuitwa mwalimu ndiyo kwanza nasikia. Karibu, mwanangu, upumzike. Mlima umekula magoti yako."

"Umekula na viatu, mama," mgeni akajibu, akaingia, akapiga goti kidogo. "Shikamooni."

"Marahaba."

"Mimi naitwa Zaituni. Natoka Same, pale karibu na stesheni. Ni binti wa Salimu."

Kaanaeli aliulaza ule mti chini taratibu. Jina la Salimu hakuwa amelisikia tangu alipoondoka kambini. Walilala vitanda jirani miaka mingi katika kambi ya wakoma kule tambarare: yeye, Mpare wa mlimani na Mlutheri, aliyepelekwa mwaka ule watu waliposhuka Same kugomea kodi ya mbiru, na Salimu, mchuuzi wa Kiislamu, aliyefika baada yake akiwa amejifunika shuka mpaka usoni. Kaanaeli alijua kusoma. Kwa hiyo dawa mpya ilipokuja, na ugonjwa ukaanza kuwaachia watu miili yao, mwuguzi alimteua yeye awafundishe wenzake yale ambayo dawa haiwezi. Maana dawa iliua ugonjwa lakini haikurudisha hisia. Miguu iliyokwisha kufa ganzi ilibaki na ganzi yake.

"Mguu usiohisi unataka jicho lihisi kwa niaba yake," ndivyo alivyokuwa akiwaambia. Loweka miguu katika maji ya uvuguvugu. Paka mafuta. Kisha tazama: juu, chini, katikati ya vidole, kisiginoni. Kila siku, uwe na kidonda au usiwe nacho. Alikuwa na sauti nzuri, akayatia maneno hayo katika wimbo, na kambi nzima ikawa inaimba. Salimu ndiye aliyekuwa mzito. Alisahau, alichanganya, alicheka. Kaanaeli alimrudia kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba.

"Baba yako hajambo?" akauliza.

"Baba ametutoka," Zaituni akasema. "Homa ya kifua, Ramadhani iliyopita. Haikumchukua muda."

Eliwaza akasema pole. Kaanaeli akaihesabu safari. Kutoka kwake hadi Same ni kushuka mpaka Gonja na kupanda lori la Mhindi, safari ya mtu kwenda na kurudi akilala njiani mara moja tu. Kila kiangazi alisema atakwenda. Kila kiangazi alikuwa na sababu.

Zaituni alifungua mfuko, akatoa nyayo mbili za mpira wa gurudumu la gari, zimechongwa vizuri, na juu yake zimebandikwa mpira mwingine laini, mwekundu. Hazikuwa na mikanda.

"Alipotoka kambini alijifunza kushona katambuga," akasema. "Nami nimeishika kazi yake. Hizi alizikata mwenyewe kwa ajili yako, mikanda akaiacha. Alisema mguu wa mtu hubadilika, lazima upimwe. Akaniambia, 'Nenda kwa Mwalimu wangu ukampime. Mwambie naingia kaburini na vidole vyangu vyote kumi, na ni kwa sababu yake.'"

Kaanaeli, bila kukusudia, aliurudisha mguu wake wa kulia chini ya kigoda. Ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Nashukuru," akasema. "Nashukuru sana. Lakini jua halingoji. Nikaizibe ndiva kwanza."

"Nakuja nawe, baba. Baba yangu aliizungumza ndiva hiyo mpaka nikadhani ni bahari."

Haikuwa bahari. Lilikuwa bwawa la udongo lililochimbwa na mababu kwenye bega la mlima, ambalo mto mdogo ulilijaza usiku kucha. Jioni tundu lake lilizibwa. Alfajiri lilizibuliwa, na maji yakateremka kwa zamu katika mifereji hadi kwenye mahindi, magimbi na migomba ya kila nyumba. Mlinzi wake alitoka katika ukoo wa Kaanaeli, baba kwa mwana. Kuziba si kutia mti tunduni tu. Mlinzi huingia majini mpaka mapajani, akaupigilia mti, akaugandamiza kwa majani ya mgomba na udongo wa mfinyanzi, kisha akaukanyaga udongo ule kwa kisigino, pole pole, mpaka maji yanyamaze. Na maji yale yalitoka msituni juu kabisa. Yalikuwa baridi ya kuuma mifupa.

Kingoni walimkuta Filemoni, binamu yake, amekaa juu ya jembe lake. Filemoni hakukosa kuwapo popote penye neno la kusemwa.

"Naona leo tumepata wageni wa reli," akasema. "Karibu, dada. Umekuja kumtazama huyu? Mtazame vizuri. Bwana Shamba wa Kizungu alikuja hapa na saa yake mkononi, akatia kidole majini, akakitoa mbio kama kimeumwa na nyuki. Huyu anasimama humo mpaka anasahau kutoka."

"Baridi haimuumi?" Zaituni akauliza.

"Miguu ya Kaanaeli haijui baridi. Sisi Mungu alitupa miguu, yeye kampa kwato."

Watu wawili waliokuwa wakipita na mizigo ya majani wakacheka, kicheko cha kumsifu. Zaituni hakucheka. Alimtazama Kaanaeli majini akipigilia udongo kwa kile kisigino, na kitambaa kikielea pembeni ya mguu wake kama jani lililooza.

Hapo ndipo palipokuwa na siri ya heshima yake, na hakuna aliyeijua ila yeye na mkewe. Aliporudi kutoka kambini watu walijua ameugua na waliambiwa amepona, barua ya daktari ilisomwa kanisani, lakini mkono wa kumpa haukuja. Bakuli lake la makande liliwekwa kando. Kisha mlinzi wa ndiva, baba yake mdogo, akafa, na zamu ikawa yake. Siku ya kwanza alisimama katika maji ya alfajiri muda ambao hakuna aliyewahi kuusimama, kwa sababu hakusikia kitu. Watu wakaona. Wakasema, mtu anayeyaweza maji yale si mgonjwa. Huyu kapona kweli. Bakuli lake likarudi katikati ya wenzake. Ganzi ileile iliyomtoa kwao ndiyo iliyomrudisha, naye aliishika kama mtu ashikavyo cheo.

Giza lilikuwa halijaingia bado waliporudi. Zaituni akachukua kamba ya kupimia, akaketi mchangani mbele ya kigoda.

"Nipe mguu, baba."

"Mguu wangu ni uleule. Chukua kipimo cha mguu wa kushoto, watosha."

"Baba alisema yote miwili."

"Mwanangu, umechoka. Kesho."

"Kesho nateremka na lori la asubuhi." Alinyosha mkono. "Baba Kaanaeli, mimi nimekulia kwenye miguu. Harufu hii naijua tangu mlangoni. Nipe."

Eliwaza alikuwa amesimama nyuma yao na kibatari. Akakisogeza karibu. Kaanaeli alitazama pengine, na kitambaa kikafunguliwa.

Chini ya mguu, pale penye mzizi wa vidole, palikuwa na shimo. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vyeusi. Zaituni aliomba maji ya moto, akayapooza, akaosha taratibu, akainama karibu sana, kisha akavuta kitu kwa ncha za kucha. Kilikuwa kipande cha mti wa kuzibia, chembamba, kirefu kama jino la kitana.

"Kiliingia lini?"

Kaanaeli alikitazama kile kipande kama kitu cha mtu mwingine. "Sijui," akasema. Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimuuma kuliko ambavyo mguu ungeweza kumuuma.

"Kioo chako kiko wapi? Kile cha kutazamia nyayo. Baba alisema kila mtu alipewa."

"Kilivunjika."

"Lini?"

"Juzi juzi."

"Mwaka juzi," Eliwaza akasema.

Basi Kaanaeli akaona yote yalivyokwenda. Miezi ya kwanza alifanya kama alivyofundisha. Eliwaza alitenga karai, akakamua mafuta ya mbarika, akachemsha maji. Kisha jioni moja ndiva ilipasua ukingo, akarudi amelowa na amechoka, akasema kesho nitaloweka mara mbili. Kesho yake hakuna kilichokuwa kimetokea miguuni, ilikuwa mizima kama jana, na hilo ndilo lililomdanganya. Jioni nyingine kuni zilikuwa mbichi. Nyingine palikuwa na kikao. Eliwaza alimkumbusha, akamkumbusha tena, mpaka siku ile alipomgeukia na kumwambia, "Unanifundisha mimi? Mimi niliyefundisha kambi nzima?" Tangu siku hiyo mkewe hakumkumbusha tena. Karai likawa la kuoshea nguo. Na yeye, kanisani, mtu akiuliza habari za wagonjwa aliowaacha kambini, aliweza bado kuyasema maneno yote bila kukosea hata moja. Aliyasema vizuri mno, hata akadhani kuyasema ni kuyatenda.

"Baba yako alifanyaje?" akauliza mwishowe. "Salimu hakuwa na kichwa cha kukumbuka. Alikuwa anasahau hata kofia yake."

Zaituni alicheka kidogo kwa mara ya kwanza. "Hakukumbuka. Mwenyewe alisema, 'Mimi sikumbuki, treni ndiyo inayonikumbusha.' Treni ya jioni ikipiga king'ora kuingia Same, maji yalikuwa yamekwisha kupanda moto. Mteja awe mlangoni, mgeni awe kwenye mkeka, yeye alivuta karai. Watu walimcheka, wakasema Salimu anaoga miguu kama bibi harusi. Treni ikichelewa, naye alichelewa. Ila hakuacha."

"Sisi huku hatuna treni."

"Mna ndiva. Imewahi kupita jioni usiizibe?"

Hakuna jioni kama hiyo. Aliwahi kuiziba akiwa na homa. Aliwahi kuiziba siku aliyomzika mama yake. Kitu chenye udongo na maji, kisichomjua, alikitunza bila kukosa. Na kuanzia kwenye kingo zake mpaka nyumbani ni mwendo wa kuimba wimbo mmoja.

"Ukishaziba maji, fungua miguu," Zaituni akasema. "Lakini kwanza hospitali, kesho. Na baada ya hapo kuziba azibe mwingine mpaka kidonda kifunge. Mikanda sitaishona sasa, mguu huu bado haujajua utakuwaje. Nitarudi kabla ya vuli. Niahidi kitu kimoja tu, baba. Mpaka nirudi, usiutie mguu huu kwenye tope."

Kilikuwa kitu kidogo. Kaanaeli akasema, "Nakuahidi." Zaituni akaingiza mkono mfukoni, akampa kioo cha Salimu, kipande cha mraba kilichozungushiwa mpira mwekundu pembeni kisimkate mtu asiyehisi.

Katika hospitali ya misheni kule Gonja walimkata vile vidole viwili. Havikumuuma, vilikuwa vimemtangulia kufa. Mganga alimwambia mguu wenyewe utapona, ila asiukanyagie, usilowe maji machafu, na atembelee gongo. Filemoni akapewa mti wa kuzibia, "akushikie tu," kama alivyosema Eliufoo, mzee aliyeisimamia mifereji. Watu waliambiwa Kaanaeli amejikata na shoka. Nani aliyesema hivyo kwanza, hakuna aliyejua, na Kaanaeli hakukanusha.

Kila jioni pembe la mlinzi, sasa likipigwa na Filemoni, lililia kutoka ukingoni kuwajulisha watu kwamba maji yamefungwa, na kila jioni Eliwaza alivuta karai. Kaanaeli alijifunza upya kazi aliyokuwa mwalimu wake. Kushika kioo kwa mkono mmoja na mguu kwa mwingine kulimtoa jasho. Jioni nyingine alitamani kusema leo tuache, hakuna kilichobadilika. Lakini pembe lilikuwa limekwisha kulia, na maji yalikuwa yanatoa mvuke. Kidonda kikapungua, kikawa kama kifungo cha shati, kikawa kama punje ya mtama.

Kisha likaja neno la msaragambo. Kila mwaka, kiangazi kikielekea mwisho, nyumba zote hutoa watu wa kuchimba tope lililojaa ndani ya ndiva, kabla mvua za vuli hazijaijaza. Na desturi ni moja: mlinzi ndiye huingia kwanza, peku, akasimama pale tunduni kulizuia tope lisizibe mfereji. Asipoingia yeye hakuna mwenye kuingia. Na mlinzi asiyeweza kuingia humpa mti mtu mwingine mbele ya watu wote, na mti huo haurudi tena nyumbani kwake.

Zaituni alikuwa hajarudi.

Asubuhi ile Kaanaeli aliamka mapema, akautazama mguu kwenye mwanga wa mlango. Ilibaki ile punje ya mtama. Akaikunja suruali yake ya zamani ya kazi juu ya magoti, kama alivyozoea.

"Ni siku moja," akasema. Eliwaza alikuwa akikoroga uji. Hakugeuka. "Nitaufunga vizuri. Nitatia majani ya mgomba juu ya kitambaa. Zaituni mwenyewe hakujua habari za msaragambo, angejua asingeniomba vile. Ni siku moja tu, Eliwaza."

Mwiko ulizunguka chunguni.

"Mbona husemi?"

"Uliniambia nisikufundishe."

Kaanaeli aliketi kwenye kigoda. Maneno yale yalikuwa na miaka, lakini mkewe aliyasema kama aliyeambiwa jana, bila hasira, kama mtu anayeeleza kwa nini mlango fulani haufunguliwi. Kaanaeli akafikiri ni jioni ngapi mwanamke huyu amekaa akiutazama mguu wa mumewe ukioza, na neno liko mdomoni mwake, na yeye ndiye aliyelifungia humo.

"Nifundishe," akasema.

Eliwaza akakitoa chungu motoni kwanza. "Siku moja ndiyo ileile," akasema. "Ile ya kwanza, ndiva ilipopasuka. Nayo ilikuwa siku moja. Mimi nimeisubiri iishe mpaka leo."

Kaanaeli akaikunjua suruali.

Walimkuta ukingoni amekaa juu ya jiwe, gongo mapajani, mguu umeinuliwa juu ya jiwe jingine. Watu walikuwa wengi, majembe mabegani, wanawake na vyungu vya makande na madumu ya dengelua, pombe ya miwa, vijana wakitaniana nani ataanguka kwanza. Filemoni alikuja, akamkabidhi mti.

"Chukua huyu mkeo wa mti, bwana," akasema. "Mimi umenichosha. Kila jioni natoka humo meno yanapiga ngoma."

Mzee Eliufoo akasema, "Haya, Kaanaeli. Maji yanakungoja."

"Siingii, mzee."

"Kidonda bado?"

"Bado kidogo. Lakini si hilo tu." Kaanaeli aliufungua mguu, akaugeuza ili watu wauone, na waliokuwa karibu wakarudi nyuma hatua. "Sikujikata na shoka. Ni ule ugonjwa. Umekwisha kufa, hauambukizi mtu, barua ya daktari mliisikia. Ila uliondoka na hisia zangu zote za miguu. Mlisema miguu yangu haijui baridi. Kweli haijui. Haijui na mwiba, wala moto, wala mti huu ulipokatikia ndani yake. Haikuwa nguvu. Nilijua namna ya kuitunza, niliwafundisha wengine wakapona, mimi mwenyewe nikaacha kwa sababu nilipenda mnavyonisifu. Sasa nimemwahidi mtu nisiutie topeni."

"Mtu gani huyo?" kijana mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Msichana wa Same, anayeshona viatu."

Wapo waliocheka. Mzee Eliufoo hakucheka. Alimtazama muda mrefu, akasema kwa upole, "Unajua mti ukitoka haurudi."

"Najua."

Kaanaeli akaunyosha ule mti, uliong'arishwa na viganja vya baba yake na babu yake. Filemoni aliweka jembe lake chini. Alifuta mikono kwenye shati kana kwamba anapokea mtoto. Kisha akaingia majini, na tope lilipomfika magotini akatoa sauti iliyosikika ng'ambo ya bonde.

"Ee mama yangu, haya ni maji au ni visu?"

Watu wakaangua kicheko, wakaanza kuingia mmoja mmoja, wakipiga mayowe, wakiruka ruka, wakiinua miguu yao iliyoiva kwa baridi na kuisugua. Kaanaeli aliwatazama. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliuonea wivu uchungu wa mtu mwingine.

Wakati wa kula, bakuli lake liliwekwa kando ya jiwe, peke yake. Mkono mmoja tu uliliweka pale na kurudi kwa wenzake, kama mwaka ule wa kwanza. Eliwaza alitoka kwa wanawake, akaja, akaketi chini, akatia mkono katika bakuli hilohilo.

"Chumvi haikutosha," akasema.

"Imetosha."

"Haikutosha. Alipika mke wa Filemoni."

Jua lilipoegemea walikuwa nyumbani. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Usambara, na barabara ya Gonja ilionekana mbali chini, nyembamba, haina lori. Huenda Zaituni angekuja kesho, huenda mvua ingemtangulia. Pale mlangoni nyayo mbili za mpira mwekundu ziliegemea ukuta, bado hazina mikanda. Kaanaeli alifikiri habari za stesheni ya Same, asiyoifika, na mtu mzito wa kuelewa aliyevuta karai lake treni ikilia, akicheka. Angeweza kwenda kumwona angali hai. Wangeketi wawili, makarai mawili.

Pembe likalia kutoka ukingoni. Lilikuwa na mkwaruzo. Filemoni hajalijua vizuri bado. Eliwaza akamwaga maji, akajaribu joto lake kwa kiwiko, kwa kuwa mumewe asingeweza kulijaribu, akasogeza karai.

Alipomaliza kuloweka na kupaka mafuta, Kaanaeli aliuelekeza mguu wa kulia kwenye mwanga uliobaki, akashika kioo. Ile punje ya mtama ilikuwa kavu. Akatazama katikati ya vidole vitatu, akatazama ukingo, akafika kisiginoni, na hapo akaona kitu cheusi. Ilikuwa mbigili. Labda aliikanyaga njiani akirudi, gongo lilipoteleza. Akaivuta kwa kucha, akaiweka juu ya jiwe la mlangoni mahali mkewe atakapoiona.

Kisha akauinua mguu wa kushoto, akautazama nao.